Matanki ya samaki ya maji ya mzunguko, Mtwara: chujio zuri, umeme ndio mtihani

Nafugia samaki nyumbani, Naliendele. Mfumo huu nimefungiwa na fundi wa hapahapa Mtwara: matanki mawili ya lita 2,000, pipa la kutuamisha uchafu, pipa la bakteria, pampu ya maji na blowa ya hewa. Naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nina sababu nayo.

Bwawa la kuchimba kwangu halifai. Udongo ni kichanga, maji yananywewa yote, na maji yenyewe ya bomba huja kwa zamu. Kwenye mfumo huu maji ni yaleyale yanazunguka; naongeza kidogo tu kufidia ninayomwaga pamoja na tope. Tope lenyewe nalipeleka kwenye mchicha, na mchicha umestawi kweli.

Sifa zote nampa fundi kwa lile pipa la bakteria. Hakuniuzia vifaa vya bei mbaya kutoka nje. Alijaza vifuniko vya chupa za plastiki na vipande vya bomba alivyovikata mwenyewe. Nilipovishika mwanzoni vilikuwa vikavu na safi, baadaye vikawa na utelezi wa rangi ya kahawia. Huo utelezi ndio mali. Humo wanaishi bakteria wanaobadili amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, na wengine wanaibadili nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Nilipotaka kuleta vifaranga mapema alinikatalia: "Mama, bado. Bakteria hawajashika, utawaua." Tukasubiri kama wiki sita, anakuja na kichupa chake cha kupimia, matone yakigeuka kijani amonia ipo, yakibaki njano salama. Fundi anayekataa kukuharakisha wakati hela yako anaitaka, huyo ni wa kushika. Akanifundisha pia kuyaacha maji ya bomba kwenye simtanki lililo wazi siku nzima kabla ya kuyaongeza, kwa sababu klorini inaua hao bakteria.

Sasa nyota iliyokosekana. Umeme ulikatika usiku, blowa ikanyamaza. Nilipofika na tochi sato walikuwa wote juu, midomo wazi, wanahema. Nilikoroga maji kwa ndoo mpaka mikono ikafa ganzi, na bado alfajiri niliokota sato wengi mno wameelea. Tanki la pili, la kambale, hakufa hata mmoja: kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, sato hana. Samaki wakibanana hivyo, oksijeni ikikatika saa moja ni nyingi. Kwenye bei niliyotajiwa betri haikuwemo, wala neno lake sikulisikia. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza kuambiwa mteja. Fundi alikuja asubuhi ileile, na betri ilifungwa kwa hela yangu.

Kuhusu chakula, msijaribu pumba na dagaa za kusaga kama kwenye bwawa. Vinamomonyoka, maji yanachafuka na chujio linaziba. Hapa ni punje za kiwandani zinazoelea, ambazo ni ghali, na ndizo zinazokula faida. Kipindi cha upepo wa kusi maji yanapopoa sato wanasusa, basi punguzeni kipimo, maana kinachobaki kinageuka amonia.

Soko lipo. Watu wa Mtwara ni wa changu na vibua, lakini kusi likichafua bahari na samaki wakiadimika soko la feri, majirani wananigongea wenyewe kuulizia sato. Kwa kambale inabidi umbembeleze mteja kwanza. Akishabanikwa vizuri anarudiwa.

Mwenye hela ya kuanzia tu, bila akiba ya chakula na betri, namsihi asubiri kwanza. Anayeweza yote hayo, hasa mwenye eneo dogo na maji ya shida, asisite. Nimeshaagiza tanki la tatu kwa fundi huyuhuyu, na tumekubaliana malipo ya mwisho atayapata nikishazima swichi mwenyewe na kuiona blowa inaendelea kuvuma kwa betri.