Matembezi ya Kanisa Kuu la Mkunazini: utumwa umesimuliwa vyema, waumini wamepitwa

Anayetaka kulizuru Kanisa Kuu la Kristo, la Kianglikana, hapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, anaweza kulipa kiingilio mlangoni akatembezwa na waongozaji wa pale pale, au kuletwa na kampuni ya utalii, kama tulivyofanya sisi, kundi la wazee na wanakwaya kutoka shamba. Kampuni yenyewe siitaji. Ninachokipima hapa ni matembezi, na ninayapima kwa jicho la Mkristo aliyekwenda kutafuta habari za waliomtangulia katika imani.

Kuhusu biashara ya watumwa, kazi ilifanywa vizuri sana. Kijana aliyetuongoza, Muislamu aliyeyajua mambo ya kanisa letu kuliko baadhi yetu, alituingiza katika vyumba vya chini ambamo mtu mzima hasimami wima, akatuketisha kwenye vibaraza vya mawe, naye akanyamaza mpaka macho yetu yalipozoea giza. Alikuwa mkweli pia, kwani alitueleza kwamba wapo wataalamu wanaotilia shaka kama watumwa waliwahi kufungiwa humo. Juu, ndani ya kanisa, alituonyesha duara la marumaru mbele ya altare, mahali panaposimuliwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, pamoja na msalaba uliochongwa kwa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza aliyepinga utumwa. Kwenye nguzo zilizosimikwa juu chini alikaa mno, lakini kichekesho cha mafundi waliozigeuza askofu akiwa safarini kiliwafurahisha wengi, basi sina neno.

Upungufu ulianza pale soko la watumwa lililokuwa mahali hapa lilipofungwa mwaka 1873 na Askofu Edward Steere akaanza kujenga, kwa maana kuanzia hapo hadithi ikawa ya majengo. Mama mmoja wa kundi letu aliuliza, "Mwanangu, hao walioachwa huru waliishia wapi?" Jibu likawa, "Wengi walibatizwa, mama," huku kijana akitazama saa yake.

Jibu hilo si la uongo, ila limeacha kiini chote. John Swedi alikuwa miongoni mwa watoto waliotolewa kwenye jahazi la watumwa na kukabidhiwa misheni ya Kianglikana mwaka 1864, na mwaka 1879 akawa shemasi. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la walioachwa huru kwenda bara, wakaanzisha makazi Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, wakawavamia, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka, yaani watu waliokwisha kuonja utumwa wakatiwa tena mikononi mwa watekaji. Hata hivyo kazi ya Injili kusini haikufa, na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, mtumwa wa zamani aliyelelewa na misheni hapa Unguja, alipewa upadri akaendelea kuhudumu huko huko kusini. Watu wasio na ukoo wala mlinzi, ambao wangeweza kusema kwamba Mungu wa wazungu amewaponza, walishika imani, na hayo ndiyo tuliyoyafuata Mkunazini.

Sikutarajia mwongozaji atufungulie majeraha ya karibuni, yaani makanisa yaliyochomwa mwaka 2012 na mauaji ya Padri Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki, Februari 2013. Hayo ni mazito kwa kundi la watalii, na tunaoishi hapa tunajua jinsi majirani Waislamu walivyokuja kutupa pole. Lakini kundi la Wakristo lililojitambulisha tangu siku ya kuweka nafasi lilistahili walau nusu saa ya habari za waliovumilia, badala ya kupelekwa haraka kwenye duka la vinyago ambalo hakuna aliyeliomba.

Ninawashauri wanaopanga kwenda na parokia zao wakubaliane mapema na mwongozaji waongeze Mbweni, ambako walioachwa huru walipewa makazi na ambako kanisa la Mtakatifu Yohana na magofu ya shule ya wasichana bado yapo. Nendeni asubuhi, kabla makundi makubwa hayajajaa vile vyumba vya chini, na mvae nguo za heshima. Kwa maelezo ya utumwa ninatoa nyota tano. Kwa habari za waumini wenyewe, mbili.