Mausi ya kipira kwa kazi ya ofisi: uzoefu wangu na Logitech Ergo M575

Meza nyingi za ofisi hapa Unguja zina kioo juu, na chini ya kioo kalenda na nambari za simu. Mausi ya kawaida husoma uso wa meza kwa mwanga, kwa hivyo juu ya kioo kishale huruka au husimama kabisa. Mafaili nayo yakishajaa, mausi haina pa kupita. M575 haitembei. Inakaa pale pale, gumba linasukuma kipira cha milimita 34, na mkono mzima unabaki umelala mezani. Kwa anayeshinda kwenye majedwali ya hesabu, bega ndilo linalopumzika zaidi, khasa ukiisogeza karibu na kibodi ili kisugudi kisitanuke nje.

Mwanzo kishale kitapitiliza kila unapolenga kisanduku kidogo. Kwenye mipangilio ya mausi ya Windows kasi ni 1 hadi 20, na huja ikiwa 10. Ishushe hadi 8 uzoee kulenga, kisha baada ya wiki moja ipandishe hadi 12. Usiiache chini: kasi ndogo hulazimisha gumba lizungushe mara tatu nne ili kuvuka skrini moja, na hapo ndipo maumivu ya gumba huanzia.

Mausi yoyote ya kipira inataka usafi. Kipira hakilali juu ya plastiki, kinabebwa na vinundu vitatu vigumu, vidogo kuliko punje ya mtama. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi la feni hugandia hapo hapo. Miezi ya joto la kaskazi naisafisha kila wiki. Wakati wa kipupwe hata wiki tatu hupita. Dalili yake ni kishale kwenda vizuri kushoto na kulia lakini kusita kikipanda. Izime, pindua, sukuma kipira kwa upande butu wa penseli kupitia tundu la chini. Juu ya kila kinundu utakuta kibonge cha kijivu, laini kama pamba iliyolowa. Kitoe kwa kijiti cha pamba kikavu, wala usitie sindano. Futa pia kidirisha cha sensa, yaani kijicho kinachosoma mzunguko wa kipira. Kipira chenyewe kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, ukikaushe. Ukikiosha kwa sabuni kitakuwa kizito saa za mwanzo mpaka kipate tena mafuta ya ngozi, usidhani kimeharibika.

Kishale kikirukaruka na kipira ni safi, tazama kipokezi chake, kile kidude cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta. Tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la buluu, likiwa na fleshi inayofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz yanayotumiwa na kipokezi. Kihamishie tundu la mbali, au tumia Bluetooth.

Betri ni moja ya AA. Kampuni inataja hadi miezi 24 kwa kipokezi na 20 kwa Bluetooth. Ukienda likizo ndefu itoe, maana betri hafifu ikivuja hula vyuma, na hewa yetu ya chumvi huongeza kutu.

Anayetumia mkono wa kushoto asiinunue, imeumbwa kwa mkono wa kulia tu. Mwenye gumba linalouma tayari naye asiiguse. Bora mausi ya kusimama kama Logitech Lift, iliyoinama nyuzi 57 na yenye toleo la mkono wa kushoto. Pima kwanza kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati: Lift ni ya mkono usiozidi sentimita 19. Hiyo lakini hutembea, kwa hivyo juu ya kioo itataka mkeka.

Ukinunua Darajani iliyokwisha kufunguliwa, fungua kifuniko cha betri mbele ya muuzaji. Kipokezi hukaa humo, na ndicho kinachopotea kuliko kitu chochote.