TAHADHARI: yule dada wa jeli ya zambarau Kariakoo kaniharibu uso

Mashoga zangu, naandika uso unawaka moto na aibu juu. Mimi huyu ninayewacheka wanaopigwa mjini! Nimepigwa mchana kweupe, tena nimekodoa macho.

Madoa yangu ya usoni mnayajua. Basi nikasimama mezani kwake. Ana beseni la zambarau zilizoiva, glavu mkononi. Kamenya maganda, kayaponda kwenye kinu kidogo, kachuja kwa kitambaa cheupe, kikalowa kama kimemwagikiwa wino. "Dada'angu, rangi ya asili haidanganyi." Kakamua ndimu: nyekundu ya kung'aa, palepale! Kikombe cha pili katia magadi, ikaenda kwenye ubuluu wa kijani. Sasa hapo we ungeondoka? Kemia nimesoma mpaka kidato cha nne, najua antosianini, ile rangi ya asili ya matunda, hugeuka hivyohivyo kwenye asidi na magadi. Usomi wangu ndio ulioniponza. Akainama, akatoa kopo chini ya meza. 35,000. Nikatuma kwa simu, na ya kutolea nikaweka, mjinga mimi!

Wiki ya kwanza tu uso unateleza, wifi ananiuliza siri. Wiki ya sita kopo likaisha, na siku tano baadaye uso ukalipuka: vipele, wekundu, ngozi laini kama ganda la kitunguu. Daktari wa ngozi hata hakuningoja nimalize, akasema huo ni mwenendo wa krimu zenye steroidi, dawa kali ya kutuliza ngozi: ukiacha, uso unalipuka. Nikarudi nyumbani nikakwangua mabaki, nikakamulia ndimu. Kimya. Magadi. Kimya. Rangi ileile, kama ya keki ya bethidei. Yaani yale majaribio yalikuwa ya kweli kabisa, ila cha kwenye beseni sicho cha kwenye kopo!

Nimeenda mara mbili, meza ile sasa ina muuza soksi. Simu hapokei, jana kaniblok. Huyu awekwe ndani, na kabla hajawekwa apakwe mwenyewe kopo zima, asubuhi na jioni, tuone!

Dalili? Zilikuwepo. Kopo halina orodha ya vilivyomo, halina tarehe, halina nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na vipodozi viko chini yao tangu 2019. Eti linatibu chunusi, fangasi, michirizi, yote. Nilipotaka kumrekodi akaziba kamera kwa mkono, nikacheka.

Mwenye kopo lake asitupe hata kama limebaki kidogo. Langu nalipeleka TBS Jumatatu, njoo inboksi twende wengi.