LibreOffice Calc imeniokolea orodha ya wateja
Jamani kama mnapokea mafaili ya CSV (majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu) kila wiki kama mimi, jaribuni LibreOffice Calc, programu ya majedwali, ni ya bure kabisa. Mwanzo nilikuwa nafungua orodha ya wateja kwa programu nyingine, nabofya mara mbili tu, basi Chang’ombe inatokea Changâ€™ombe, nikawa nasahihisha moja moja kwa mkono mpaka saa mbili usiku, inaumiza sana. Kumbe faili lilikuwa zima, limeandikwa kwa UTF-8 ila linasomwa kama Windows-1252 (hizo ni njia mbili tofauti za kompyuta kuhifadhi herufi), na ile koma ya juu iliyopinda kwa UTF-8 ni baiti tatu ndo maana inageuka vidude vitatu. Calc kabla ya kufungua inakuletea dirisha la kuchagua aina ya herufi, weka Unicode (UTF-8), chini unaona mistari ya mwanzo inanyooka hapohapo, raha kweli! Palepale bofya safu ya simu uiweke Text (yaani maandishi, si namba), la sivyo ile sifuri ya 07 inapotea. Angalizo, ukishasevu faili likiwa limeharibika, kulifungua kwa UTF-8 hakusaidii, omba lile la mwanzo. Kwangu nyota tano.