Cape May mwezi wa kumi: fuata upepo, usifuate kalenda

Msimu huu nimeenda Cape May, kusini kabisa mwa New Jersey, mara mbili kutazama vipanga wanaohamia kusini, na ile mara ya kwanza nusura niape kwamba sirudi tena. Naandika kwa ajili ya wenzangu mlioko New Jersey, New York au Philadelphia, msije mkatupa hela kama nilivyotupa mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa la tarehe. Nilisoma kwamba mwanzo wa mwezi wa kumi ndio kilele, nikachukua Jumamosi, nikalipia chumba usiku mbili. Nyumba ya wageni yenyewe (siitaji) ilikataa kuniuzia usiku mmoja, na hela ikishalipwa hairudi. Kutoka Jersey City niliendesha saa mbili na nusu. Kufika, upepo unatoka kusini, vuguvugu, mtu unavua koti. Nilikaa saa tano. Nikaona tumbusi wakiyumbayumba na furukombe wawili. Basi.

Mama akapiga simu kutoka Pangani nikiwa palepale. "Mwanangu, umeendesha gari saa mbili na nusu kwenda kutazama mwewe? Si ungekuja huku, wananimalizia vifaranga." Nikamwambia, "Mama, leo hata hao mwewe wenyewe hawapo." Alicheka mpaka salio likaisha.

Hapo ndipo mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa karibu yangu aliponielewesha. Cape May ni ncha ya mwisho ya New Jersey: upande mmoja Atlantiki, upande wa pili ghuba ya Delaware. Kipanga anategemea hewa ya moto inayopanda juu ya nchi kavu; inambeba na yeye hapigi bawa. Juu ya maji msaada huo hakuna. Sasa baridi mpya ikiingia na upepo ukageuka kuvuma kutoka kaskazini magharibi, ndege wanasukumwa hadi ukingo wa bahari, hasa makinda wa mwaka huu ambao hawajajua kushindana na upepo. Wanaufuata ufuko kwenda kusini mpaka nchi inakatika, na mbele yao kuna kilomita 18 hivi za maji. Pale wanasita. Wanazunguka, wanarudi nyuma, wanajaribu tena, na wewe uko chini yao umeinua shingo. Upepo wa kusini, kaa nyumbani ufue nguo.

Jumamosi ile nilipata kitu kimoja tu cha maana. Wikendi wale wanaowavisha vipanga pete za miguuni huja kuwaonyesha watu. Dada mmoja alitokea na kopo refu la chipsi, lile la duara. Ndani yake alikuwemo kipanga mdogo wa misituni, ambaye wenyewe wanamwita sharpie, ametulia kimya. Alipotolewa sikuamini udogo wake: dume halizidi sana gramu 100. Miguu kama njiti za kiberiti, jicho la njano linalokutazama kana kwamba una deni lake. Akapewa mtoto wa miaka saba hivi amwachie. Mtoto alipofungua mikono, ndege hakuruka juu kama nilivyotarajia. Alishuka, akapita chini chini juu ya nyasi, akatokomea vichakani. Dada yule akasema ndivyo anavyowinda pia.

Mara ya pili nilikaa na utabiri wa hewa kwenye simu. Baridi ilipita Jumatatu usiku, Jumanne nilikuwa na zamu ya mapumziko, saa kumi alfajiri nikawa barabarani. Saa mbili asubuhi niko kwenye jukwaa la kutazamia vipanga, meno yanagongana.

Jukwaa lenyewe liko ndani ya Cape May Point State Park, chini ya mnara wa taa wa mwaka 1859. Kuingia bure, kuegesha bure, na kuna njia ya mteremko kwa mwenye kiti cha magurudumu. Mhesabuji wa ndege anasimama pale kila siku kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 30 Novemba, na kazi hii inafanyika tangu 1976. Idadi zinaandikwa ubaoni, aina kwa aina. Ukimuuliza kitu anakujibu huku macho yako angani. Usimchukie, hana dharau.

Na siku ile ubao haukupumzika. Sharpie walikuja mmoja mmoja, kisha watano, kisha nikaacha kuhesabu. Mmoja alimfukuza ndege mdogo akapita usawa wa macho yetu, nikasikia mabawa. Kufikia saa nne nilikuwa nimeanza kuwatofautisha: sharpie ana kichwa kidogo na mkia uliokatwa sawasawa, binamu yake, kipanga aitwaye Cooper's, kichwa kimechomoza mbele na mkia ni wa mviringo. Tumbusi anainua mabawa kama herufi V. Furukombe anayakunja kama M. Huyo furukombe, kwa mtu wa pwani, si mgeni: ni ndege yuleyule tunayemwona kwetu, ila wa kwetu wanashuka kutoka Ulaya ya kaskazini, na hawa wanaelekea Amerika ya Kusini.

Kozi, ndege ambaye wenyewe wanamwita peregrine, alipokuja, jukwaa zima lilinyamaza. Hakusita wala kuzunguka. Alitokea upande wa bahari, akakata moja kwa moja kuelekea ghubani kama aliyechelewa kazini. Ndege huyu Marekani alikaribia kwisha kwa sababu ya dawa ya wadudu ya DDT, iliyopigwa marufuku 1972. 1999 akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Na ukiwa pale ujue kwamba miaka ya 1920 na 1930 watu walikuwa wakisimama na bunduki kwenye barabara ya hapo jirani, wakiwaangusha vipanga hawahawa, wengine wakienda kuwala.

Malalamiko ninayo. Chakula hakuna bustanini, beba chai ya chupa na chochote cha kutafuna. Chumba mjini ni ghali kuliko raha yake; nenda urudi siku hiyohiyo. Na darubini yangu niliyoagiza mtandaoni, 10x25 ya kutia mfukoni, ni hasara tupu: inatikisika, giza, ukimpata ndege ameshapita. Mzee aliniazima yake ya 8x42 kwa dakika kumi nikatamani kulia. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hicho kioo ndicho kinacholeta mwanga. Usidanganywe na ukubwa wa ile ya kwanza.

Jukwaa linapata nyota tano, chumba moja, darubini sifuri. Novemba nitajaribu tena, wanasema ndipo tai wa dhahabu mmoja mmoja anapopita. Nangoja upepo ugeuke tu.