Spinosamu au kotoni: ufunge mwani upi?

Ukiuliza bei, jibu ni kotoni. Ukiuliza upi utaukuta hai bamvua lijalo, mkulima wa Paje, Zanzibar, atakwambia spinosamu, wala hasiti.

Aina zote mbili zililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989. Tofauti iko kwenye karajinani, ule ute wa kugandisha vyakula na dawa ya meno: wa kotoni huganda ukawa mgumu, wa spinosamu hubaki laini. Viwanda huulipia zaidi ule mgumu.

Tatizo la kotoni ni joto. Maji yakitoka, jua la mchana likapiga, matawi yanapauka, yanalegea, yanakatika kwenye tai-tai, vile vikamba vya kuufungia mwani. Watafiti wanaona kwamba joto na chumvi inayobadilika huudhoofisha mmea kwanza, ndipo bakteria huingia. Spinosamu nao huugua, ila huvumilia.

Taasisi ya Sayansi za Bahari, hapo Unguja, ilijaribu kuukuza kotoni ndani ya nyavu za mrija kwenye maji ya kina, yenye ubaridi zaidi. Mwani unaota humo. Lakini kina kinataka mashua na kuogelea, na akina mama wengi hawakufunzwa (mimi mtoto wa pwani, maji yakinifika kifuani naanza kusali).

Uchunguzi wa vinasaba nao umeonyesha kuwa mwani pori wa pwani zetu si sawa na mbegu hizi za Asia. Huenda mbegu bora imo humu humu.

Kwa sasa ningefunga spinosamu. Kotoni kamba mbili tu, tena nikiwa Pemba, ambako bado unaota.