Y6: kipokezi kizuri, minyororo ndiyo inayokiangusha

Ukifungua kichupa cha Y6 unakuta unga mweusi wenye ubuluu, miligramu mia moja hivi, na bei ya kukufanya ushike kijiko kwa adabu. Kwa anayebuni vipokezi vya elektroni vya seli za jua za kikaboni visivyo vya fulereni (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira), hii ndiyo molekuli ya kujipimia. Kundi la Zou Yingping wa Chuo Kikuu cha Central South, China, liliitoa mwaka 2019 ikiwa na ufanisi wa asilimia 15.7 wa kugeuza nuru kuwa umeme, pamoja na PM6, polima inayotoa elektroni. Miaka minne kabla yake, ITIC, kipokezi kilichoitangulia, ilianzia asilimia 6.8.

Siri iko kwenye kiini. ITIC imenyooka, na pete za benzini zimechomoza juu na chini kama miiba, kwa hiyo molekuli hazilaliani vizuri. Y6 imepinda kama mwezi mwandamo. Katikati kuna benzothiadiazoli inayovuta elektroni, ubavuni naitrojeni mbili zinazozisukuma, na kila ncha ina kofia yenye florini mbili. Mvutano huo umebana pengo la nishati (nishati ndogo kabisa ya nuru inayonyonywa) hadi eV 1.33: inanyonya nuru hadi karibu nanomita 930, huku PM6 ikishughulikia kijani na njano. Kupata volti 0.83 kutoka kwenye pengo dogo namna hiyo si haba.

Mapishi yenyewe ni rahisi. Uwiano wa PM6 kwa Y6 ni 1:1.2 kwa uzito, jumla miligramu 16 kwa mililita ya klorofomu, yaani 7.3 na 8.7. Yeyusha kwa saa kadhaa, kisha ongeza mikrolita 5 za kloronafthalini kwa kila mililita. Zungusha kioo chenye mchanganyiko huo kwa kasi ya mizunguko 3000 kwa dakika, upashe nyuzi 110 kwa dakika 10 ndani ya naitrojeni. Klorofomu huchemka kwa nyuzi 61 tu. Kifuniko kikikaa wazi, mchanganyiko hukolea na utando wa mwisho hutoka mnene kuliko wa kwanza. Kloronafthalini nayo isizidi. Inakawia kukauka, fuwele za Y6 zinapata muda wa kunenepa, na kipengele cha ujazo (fill factor, kipimo cha jinsi seli inavyotoa umeme wake bila kuupoteza) kinashuka.

Kabla ya yote hayo, pima usafi. Kofia hufungwa kwa kuunganisha aldehidi mbili, na kosa la kawaida ni molekuli iliyovaa kofia moja. Kwenye NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli), kilele karibu na ppm 10 ni aldehidi iliyobaki. Ukikiona, rudisha mzigo.

Udhaifu mkubwa ni kifungo maradufu kinachoshika kofia. Zinki oksidi, tabaka la kupitisha elektroni, ikipigwa na miale ya UV hukikata, na tabaka zenye amini (kampaundi za naitrojeni) kama polima PEIE hukishambulia hata gizani. Tumia oksidi ya bati, au weka kichujio cha kuzuia miale iliyo chini ya nanomita 400. Anayebuni molekuli mpya aanzie hapo: kukifunga kifungo hicho ndani ya pete kuna faida kuliko kuongeza florini nyingine, ambayo kwa kawaida hushusha LUMO (ngazi ya nishati inayopokea elektroni) na kula volti.

Kasoro ya pili ni minyororo ya undesili (kaboni kumi na moja) iliyonyooka kwenye pete za tiofeni, zenye salfa. Isitoshe, Y6 inang'ang'ania klorofomu, sumu ambayo viwanda haviitaki. L8-BO, kipokezi cha mwaka 2021, ina kiini na kofia zilezile. Kilichobadilishwa ni minyororo ya undesili tu, ikawekwa yenye matawi. Volti ikapanda hadi 0.87, kipengele cha ujazo kikapita asilimia 80, ufanisi ukavuka 18. Mabadiliko madogo, na wengi bado wanahangaika na kiini!

Nyota 4 kati ya 5. Kwa kulinganisha na kujifunzia, nunua Y6. Kwa kifaa cha kushindania rekodi, weka fedha kwenye L8-BO, na vyote viwili uvihifadhi gizani, kwenye baridi, ndani ya naitrojeni.